Lalamiko la Arobaini na Moja

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni. Wengine walifungua na kufunga majokofu bila nia ya kununua, wengine walibishana juu ya pasi. Ukutani zilitundikwa televisheni kumi na sita, kubwa kwa ndogo, na zote zilionyesha kitu kimoja: magari ishirini yanazunguka. Zilikuwa mbio zile zile za Jumapili iliyopita. Zilikuwa zimeonyeshwa moja kwa moja, zikarudiwa Jumatatu, zikachambuliwa Jumatano, na leo zimerudi tena kana kwamba kuna mtu aliyeziomba.

Mbele ya ukuta huo alisimama mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono hadi viwikoni, kilemba chekundu kichwani, na doa la grisi shavuni ambalo yeye mwenyewe hakuwa na habari nalo. Alikuwa fundi wa pikipiki. Gerejini walimwita Plagi, kwa kuwa ni kitu kidogo na ukikigusa vibaya kinatoa cheche. Alikuja kumnunulia baba yake rimoti, akaona magari, na rimoti akaisahau.

"Namba saba atapitwa kwenye kona hiyo," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Atatoka nje, atarudi, atamaliza wa tano. Hii ni mara ya nne naona. Hata mimi nisiyeyataka nimeyakariri."

Namba saba akapitwa, akatoka nje. Mwanaume aliyesimama kando yake akacheka. Alikuwa mrefu, suruali nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata nyanya.

"Kumbe hupendi mbio, dada?"

"Sipendi? Kaka yangu, mimi nimekulia ndani ya mbio. Nani kakwambia mbio ni hizi tu? Kuna pikipiki. Kuna magari ya kwenye matope. Kuna malori, malori kabisa, yanakimbizana. Kuna pikipiki zenye kigari cha pembeni, watu wawili, mmoja anaendesha na mwenzake ananing'inia nje. Umewahi kuziona kwenye chaneli hii?"

"Hapana."

"Basi. Na macho unayo mawili."

"Labda watazamaji wanapenda haya magari."

"Ukimuuzia mtu viatu vyeusi tu miaka kumi, utasema anapenda cheusi?" Alimgeukia sasa, akamtazama juu mpaka chini. "Kuna mtu mahali fulani amekaa kwenye kiti, anapanga haya mambo. Siku nikimpata, kichwa chake nakiweka kwenye jiliwa la kubania vyuma, nakaza taratibu. Sina haraka."

Yule mwanaume akajikuta ameshika shingo yake. Niwaambie mapema, maana sipendi kumficha msomaji: ndiye yeye. Alikuwa mpangaji wa vipindi vya michezo wa chaneli ile ile, mwaka wa sita kwenye kiti hicho hicho. Pale ndipo alipotakiwa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, na duka zima lilikuwa shahidi kwamba jiliwa halikuwepo karibu. Lakini alimtazama yule mwanamke na doa lake la grisi, na ulimi ukamlala.

"Wewe na shati hilo unafanya kazi gani?"

"Niko ofisini. Mambo ya kupangapanga."

"Haya, Bwana Shati."

"Una grisi shavuni," alisema, akamtolea hankachifu. Plagi akafuta shavu lisilo na kitu. "Lile lingine." Akafuta, doa likawa madoa mawili, na hankachifu ikawa ya kuhurumiwa.

"Siwezi kukurudishia hivi. Nipe namba yako, nitakupigia ikishafuliwa."

Alitoka dukani bila rimoti. Ilibidi arudi Jumatatu.

Siku ya tatu simu iliita mezani kwa Bwana Shati.

"Grisi imegoma kutoka," ilisema sauti.

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mara mbili. Itabidi uje uione mwenyewe, usije ukasema nimekuibia."

Alikwenda. Wakaanza hivyo. Saa sita na nusu mchana alikuwa akivuka barabara mbili kwenda gerejini, anatandika gazeti juu ya tairi kuukuu ili suruali isichafuke, anakaa, wanakunywa chai ya kibandani. Mafundi wenzake Plagi walikuwa wanagonga spana kwenye ngoma ya breki kila alipoingia, kama wanamkaribisha bwana harusi. Jioni walizungumza kwenye simu mpaka betri ikalia.

"Umekula, mama cheche?"

"Nimekula. Wewe umepiga pasi?"

"Nimepiga."

"Na soksi?"

"Hakuna mtu anayepiga pasi soksi, mpenzi."

"Wewe unapiga. Nimeziona."

Alikuwa kweli anapiga pasi soksi. Plagi alimpenda kwa hilo, na alimpenda kwa namna alivyosikiliza habari za injini bila kujifanya anazijua. Yeye alimpenda Plagi kwa sababu hajawahi kukutana na mtu anayesema kitu kile kile mbele yako na nyuma yako. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo ndiye unayemficha.

Siku moja, pale kwenye tairi, Plagi alimweleza juu ya malalamiko. Chini ya kioo cha televisheni huwa kunapita namba ya simu ya kutolea maoni. Alikuwa ameipiga mara arobaini.

"Najua fomu yao kwa moyo. 'Jina. Namba ya simu. Aina ya lalamiko. Ungependa tufanye nini?' Halafu wanakusomea: 'Asante kwa maoni yako, tutayafanyia kazi.' Mara arobaini, Shati. Wangekuwa wanayafanyia kazi kweli, saa hizi wangekuwa wamechoka."

Bwana Shati akaweka kikombe chini. Kila Ijumaa alikuwa anapokea orodha ya malalamiko, na kwa mwaka mzima kulikuwa na namba moja iliyokuwa ikirudi na maneno mafupi yaliyokatwakatwa na mpokea simu: *mteja anataka pikipiki*. Alikuwa ameyasoma yote arobaini. Hakuwahi kuweka alama hata kwenye moja.

"Kwa nini pikipiki za kigari, hasa?" aliuliza.

"Njoo nyumbani utajua."

Nyumbani kwao palikuwa na sebule ndogo yenye kochi la watu wawili, meza ya kioo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na kiti kikubwa mbele ya televisheni. Kwenye kiti hicho alikaa baba yake Plagi, fundi mstaafu wa mabasi. Miguu ilikuwa haimbebi tangu mwaka juzi. Mikono yake bado ilikuwa ya fundi, mipana na yenye makovu, na mmoja ulishika rimoti mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Unajua mbio wewe?"

"Kidogo, mzee."

"Basi nikueleze." Akamweleza. Alikuwa na mabinti wawili wasiotulia. Walipokuwa wadogo alikata nusu ya kitanda chake cha chuma, akakichomelea magurudumu, akakifunga ubavuni mwa pikipiki. Binti mkubwa akashika usukani, Plagi akaning'inia pembeni. "Mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole. Lakini alinuna mwezi mzima. Nilimwambia kitanda kimeibiwa."

"Nusu kitanda, baba," alisema Plagi kutoka jikoni.

"Wezi wa siku hizo walikuwa na huruma."

Plagi aliacha mbio alipovunjika kifundo cha mkono. Dada yake akaendelea, akapata timu ng'ambo, akakimbia msimu baada ya msimu katika nchi ambazo mzee alizijua kwa majina tu. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho, alikwisha sema. Jumapili ya kufunga msimu, saa tisa alasiri, angekimbia mara moja zaidi, kisha basi.

"Sijawahi kumwona akikimbia huko," mzee alisema. "Wananitumia kwenye simu, kipande cha sekunde kumi na tano, kinatingishika, vumbi tupu. Nataka kumwona akikata kona. Moja tu, tangu anaingia mpaka anatoka. Kila Jumapili nakaa hapa, wananipa hivi vigari vyao. Mtu anazeeka na rimoti mkononi."

Bwana Shati aliimaliza chai yake kwa tabu. Alikuwa anajua jambo ambalo hakuna mtu wa nje ya kituo aliyelijua. Picha za mbio zile za kigari zilikuwa zinafika kituoni kila Jumapili, pamoja na za magari, kwenye laini ya nne. Zilikuwa zinakuja zenyewe na kupita zenyewe. Hakuna aliyeifungua laini ya nne. Mwaka wa kwanza aliwahi kuuliza, Meneja akamjibu, "Watazamaji hawajazoea," naye akatia sahihi na kwenda kula chakula cha mchana.

Alipotoka pale aliamua kwanza arekebishe, halafu ndipo akiri. Alitaka aende na habari njema mkononi. Watu wengi wamejizika kwa hesabu hiyo. Aliomba kikao, akapangiwa Alhamisi.

"Alhamisi sipatikani," Plagi alimwambia kwenye simu. "Nina shughuli."

"Hata mimi nina kikao."

"Nitakusimulia."

"Nami nitakusimulia, mpenzi."

Hakuna aliyemuuliza mwenzake shughuli gani.

Shughuli ya Plagi ilikuwa hii. Wapenzi wa mbio walikuwa na kundi lao kwenye simu, watu mia sita na zaidi, na kilio chao kilikuwa kimoja. Mwalimu mmoja alitaka magari ya matope. Dereva wa lori alitaka malori, kwa sababu zilizo wazi. Muuguzi alitaka pikipiki ndogo za watoto, kwani mwanawe alikuwa anaanza. Walikuwa wamechoka kurudishiwa chakula cha jana kwenye sahani ile ile. Wakaandika barua, wakakusanya sahihi mia sita na kumi na mbili, wakachagua wajumbe saba waipeleke kituoni kwa mkono. Plagi alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri na viatu vya kisigino vya kuazima, maana alikuwa msemaji.

Mapokezini dada wa dawati alisoma bahasha, akanyanyua simu. "Subirini. Mpangaji wa vipindi vya michezo anashuka mwenyewe."

"Afadhali," alisema Plagi. "Leo tutamwona huyo mtu."

Mlango wa lifti ukafunguka, likatoka shati jeupe.

Wajumbe sita hawakuelewa kwa nini msemaji wao alinyamaza. Dereva wa lori akachukua bahasha mkononi mwa Plagi na kuikabidhi mwenyewe. Bwana Shati akaipokea. Sauti ilimtoka ya kiofisi, kavu, kwa sababu hakuwa na nyingine iliyo tayari.

"Karibuni. Mimi ndiye mpangaji."

Kulikuwa na karatasi ya kusaini kwamba barua imepokelewa. Plagi akamsogezea kalamu.

"Jina," alisema. "Namba ya simu. Aina ya lalamiko."

"Plagi, naomba—"

"Yale arobaini, ulikuwa unayasoma wewe?"

"Nilikuwa nayasoma. Sikujua ni wewe."

"Na ulipojua?"

Alitia sahihi kwenye mstari wa tarehe.

"Ulipokaa kwa baba yangu, ukanywa chai yake, akakuonyesha moyo wake wote, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Haya. Asante kwa maoni yako."

Alitoka nje. Kwenye ngazi akavua vile viatu, akavishika mkononi, akavuka barabara pekupeku na gauni lake la kijani. Hakulia mpaka alipofika gerejini, na pale alilia nyuma ya lori bovu ambapo hakuna aliyemwona isipokuwa mafundi wote.

Wiki tatu zikapita. Bwana Shati alipiga simu mara ishirini na tano, hazikupokelewa. Plagi aliwaambia wenzake kwamba yuko salama kabisa, kisha akaifungua injini yote ya pikipiki iliyoletwa kubadilishiwa mafuta tu. Mwenye pikipiki alirudi akakuta vipande kwenye turubai, akaondoka kimya kimya, maana uso wa fundi haukuwa wa kuulizwa.

Mara ya ishirini na sita, alipokea.

"Sema."

"Picha za dada yako zinakuja," alisema Bwana Shati haraka. "Laini ya nne. Zimekuwa zikija miaka yote. Hatukuwahi kuifungua."

 Alisikia nyundo ikigonga kwa mbali.

"Unaniambia haya ili nikupende au ili nikuue?"

"Ili usiyasikie kwa mtu mwingine."

Akakata. Lakini niseme haki: hiyo ndiyo siku ambayo hasira yake ilianza kupungua nguvu. Mtu anayetaka kusamehewa kwa ujanja hajiongezei kosa.

Kikao chake kiliahirishwa mpaka Alhamisi ya wiki ya kufunga msimu, na hapo Bwana Shati aliomba saa moja tu ya laini ya nne, Jumapili hiyo. Meneja alikuwa mtu wa tai fupi na sentensi fupi. "Nani atatangaza? Huyu wetu anajua magari. Mbio bila mtangazaji ni kelele. Na ratiba imeshafungwa tangu jana." Akafunga daftari. Ilikuwa imefungwa kweli, Jumatano saa kumi, kama kila wiki.

Jumapili ikafika. Kwa bahati zamu ilikuwa ya Bwana Shati. Saa nane na nusu magari ishirini yalijipanga, na mvua ikaanza kuyamwagikia huko yalikokuwa. Si manyunyu, mvua ya kufunika gari na turubai. Mbio zikasimamishwa. Mtangazaji, ambaye wenzake walimwita Ngoma kwa ukubwa wa sauti yake, alizungumzia mawingu dakika tano, akazungumzia miavuli dakika tano, akaishiwa.

Kituo kilikuwa na kanuni ya kujaza pengo. Likizidi dakika kumi, mpangaji wa zamu anaweka marudio bila kumuuliza mtu. Ndivyo kila mtu alivyofanya siku zote. Bwana Shati akavuta jalada la kanuni, akaisoma yenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Haikusema marudio. Ilisema *kipindi chochote kilicho tayari*.

Akafungua laini ya nne. Pikipiki kumi na nane zenye vigari zilikuwa zinajipanga, jua kali, saa tisa kasoro dakika sita.

"Ngoma, nakuletea pikipiki," alisema kwenye kipaza sauti cha ndani.

"Pikipiki gani? Mimi pikipiki huwa napanda tu, nyuma."

"Nakupa mtu anayezijua."

Akapiga kwa Plagi. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga kwa baba yake, namba aliyopewa na mzee siku ile ya chai.

Mzee alikuwa kitini, akitazama mvua ya watu kwenye televisheni yake. Plagi alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa kishindo, kwa sababu alikuwa anaijua saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe, umepotelea wapi?"

"Niko kazini, mzee. Usibadilishe chaneli. Naomba unipe binti yako."

"Mwanangu," mzee aliita. "Shika simu."

"Kama ni yule, sitaki."

"Ni yule," alisema mzee, na sauti yake ilibadilika. "Na huyo kwenye televisheni ni dada yako."

Plagi alitoka na sufuria inayochuruzika maji. Katikati ya kioo ilikuwepo helmeti ya njano, ile ile iliyopakwa rangi na baba yao uani, yenye mstari mweusi uliopinda kidogo. Akaweka sufuria juu ya kitambaa cha kufuma. Akachukua simu.

"Mtangazaji hajui kitu," alisema Bwana Shati. "Nikuunganishe hewani. Usitangaze. Mweleze tu baba yako anachokiona."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

Plagi akapumua. "Unganisha."

"Punguza sauti ya televisheni, isije ikajirudia kwenye simu."

Kwa hiyo mzee aliizima sauti kabisa. Mji mzima ulimsikia Plagi kwenye televisheni, isipokuwa baba yake, aliyemsikia kutoka kinywani mwake, hatua mbili kutoka kwenye kiti.

"Namba kumi na tisa, ya njano, ni dada yangu," alianza. "Huyo wa pembeni msidhani ni abiria. Yeye ni usukani wa pili. Kona ya kushoto anatoa mwili wote nje, nyonga inakuwa shubiri moja juu ya lami. Asipofanya hivyo wanapinduka wote. Nilikuwa kwenye nafasi hiyo miaka minne. Hakuna kushikwa mkono pale, kuna kuaminiana tu. Yeye hakuoni, lakini anajua upo."  Kwenye chumba cha zamu, Bwana Shati aliinamisha kichwa. "Ndiyo maana wakidanganyana watu wa pikipiki hii, hata kwa kitu kidogo, wanaachana. Haya, wameanza. Baba, angalia kona ya kwanza."

Dada yake alianza wa tisa. Mzunguko wa pili akawa wa saba. Plagi alisahau mji mzima. Alimweleza baba yake mikono, magoti, breki, kwa nini yule wa kijani anapoteza muda, kwa nini dada anakawia kukaza breki kisha anakaza mara moja. Ngoma aliuliza maswali ya mtu asiyejua, mazuri yote. Mzunguko wa mwisho kamera ikamfuata namba kumi na tisa kwenye kona ndefu ya kushoto, tangu anaingia mpaka anatoka, na mwenzake amejilaza nje kama nguo iliyoanikwa.

"Anakata kona," alisema mzee kwa sauti ya kawaida, "kama mama yake alivyokuwa anakata kitambaa."

Hilo nalo lilikwenda hewani.

Dada alimaliza wa nne. Akanyanyua mkono mmoja, na mwenzake akanyanyua wa pili. Mzee alikuwa ameshika rimoti kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta. Plagi akakaa chini sakafuni, kichwa chake kwenye goti la baba yake, simu bado sikioni.

"Nimekata hewa," ilisema sauti. "Mko wenyewe sasa."

"Sawa," alisema Plagi. Baada ya muda akasema tena, "Sawa, Shati." Kisha akafunga.

Simu za kituo ziliita mpaka saa kumi na mbili. Wapokea simu walidhani ni malalamiko. Watu walikuwa wanauliza zile pikipiki zinarudi lini, na yule dada ataongea tena lini. Jumatatu Meneja alimwita Bwana Shati, akampa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema amevuruga utaratibu, anaondolewa kwenye upangaji miezi sita, anapelekwa dawati la malalamiko. Ya pili ilisema msimu ujao laini ya nne itafunguliwa kila Jumapili ya pili, kwa wazo la uongozi. Mkosaji akaadhibiwa, kosa lake likapandishwa cheo. Maofisini ndivyo mambo yanavyokwenda.

Habari za adhabu zilimfikia Plagi kupitia kundi la wapenzi wa mbio, naye akakaa siku tisa bila kumpigia. Siku ya kumi baba yake alipunguza sauti ya televisheni.

"Mimi nilimdanganya mama yako kitanda kimeibiwa."

"Najua, baba."

"Alikuja kujua alipokaa kwenye hicho kigari. Akapapasa chuma, akakijua. Akaniambia, ningekupa nusu kwa mkono wangu, ungeniomba tu." Mzee akaiweka rimoti mapajani. "Huyu kijana alificha. Lakini nilichokitaka amenipa, na kimemgharimu. Wewe ni mtu mzima. Nimemaliza."

Alhamisi, saa nne asubuhi, Bwana Shati alikuwa dawatini na vipokea sauti masikioni, shati limenyooka. Msimamizi alikuwa anapita nyuma ya viti. Mazungumzo yote yalikuwa yanarekodiwa, na fomu ilikuwa lazima ifuatwe.

"Dawati la malalamiko, habari za asubuhi."

"Nzuri. Nina lalamiko."

Aliijua sauti. Akanyoosha mgongo. "Jina, tafadhali."

"Plagi."

"Namba ya simu."

"Unayo. Umeipiga mara ishirini na saba, kisha ukampigia baba."

"Aina ya lalamiko."

"Nina hankachifu ya mtu. Nimeifua mara tatu, grisi imegoma. Mwenyewe haji kuichukua."

"Labda mwenyewe anaogopa jiliwa."

"Aogope. Lipo na limetiwa mafuta."  Alipoendelea, utani ulikuwa umekwisha. "Na aliniumiza. Andika hiyo. Aliniacha nimpende bila kumjua."

"Alikosea," alisema Bwana Shati. Msimamizi alikuwa nyuma yake, hakujali. "Mwanzo aliogopa jiliwa. Baadaye aliogopa kukupoteza, akaona afadhali anyamaze, na kwa kunyamaza akakupoteza. Hana sababu nyingine."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kuna swali la mwisho hujaniuliza."

Akalisoma. "Ungependa tufanye nini?"

"Jumamosi aje kwa baba. Asije peke yake, aje na wazee wake. Na akifika mlangoni, kabla hajakaa, aseme anafanya kazi gani."

Vidole vyake vilisimama juu ya vibonyezo. Kisha akaandika yote, neno kwa neno, mpaka nafasi ikaisha.

"Asante kwa maoni yako," alisoma, kama fomu ilivyotaka. "Tutayafanyia kazi."

"Lini?"

"Jumamosi, saa nne, mpenzi."

"Na upige pasi soksi," alisema Plagi, akakata.

Mwisho wa kila lalamiko, kwenye kompyuta ile, kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama likishashughulikiwa. Kwa namba ile ya simu visanduku arobaini vilikuwa vitupu. Cha arobaini na moja nacho alikiacha kitupu, maana safari hii hakutaka kuahidi kabla ya kutenda. Jumamosi alikwenda na mjomba wake na shangazi yake, akasimama mlangoni, akasema kazi yake kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

Jumatatu alipofika dawatini, kabla hajakaa, alikiwekea alama.